Piga Moyo Konde, Miksa Iache

Yeyote aliyewahi kukaa karibu na jukwaa, iwe ni harusini, kwenye mkesha wa maombi au kwenye onyesho la dansi, amekwisha kuliona jambo hili. Mwimbaji yuko katikati ya ubeti, sauti inakatika. Fundi mitambo anainama, anaipiga miksa konde moja ubavuni, sauti inarudi. Watu wanacheka, muziki unaendelea, na fundi anapata sifa za bure. Leo nataka tulihoji lile konde. Kwa nini sauti ilirudi? Na kwa nini itakatika tena kabla keki haijakatwa?

Nazungumzia miksa za zamani, zile za analogi, zenye safu kwa safu za vitufe vya kuzungusha, na kule chini feda za kuteleza za kupandisha na kushusha sauti. Kumbi kubwa duniani zimezihama, zimekwenda kwenye dijitali, kwa hiyo sasa zinauzwa kwa bei ya kutupa. Kwetu zingali kazini makanisani, kwenye kumbi za mitaani na kwa wakodishaji wa vyombo. Nyingine zilikuja zikiwa mpya, nyingine zimefika zikiwa zimekwisha kustaafu kazi huko Ulaya au Japani.

Msimamo wangu nautoa mapema. Miksa hizi zinasingiziwa. Ikikwaruza kidogo, watu wanasema imekufa. Lakini ukiifungua, vile vijisanduku vyeusi vinavyokuza sauti, ambavyo mafundi wanaviita aisii, mara nyingi ni vizima, vinafanya kazi ileile vilivyofanya miaka 30 iliyopita. Kinachougua ni viungo, yaani kila mahali ambapo chuma hukutana na chuma. Ni kama mzee ambaye moyo unadunda sawasawa, ila magoti ndiyo hayataki ngazi.

Hebu tuisindikize sauti ya mwimbaji mmoja. Inatoka kwenye maiki, inaingia kwenye soketi ya pini tatu. Inapita swichi ya kupunguza nguvu, volyumu ya geni, swichi ya kugeuza fezi, swichi ya kuchuja mngurumo wa chini. Inafika kwenye ekwalaiza na volyumu zake za besi, kati na trebo. Inatumbukia kwenye tundu la insati, inatokeza, inakuta swichi ya kuzima chaneli, inakuta feda, inakuta volyumu ya kushoto na kulia, inakuta swichi za makundi, halafu inapita kwenye plagi ya waya bapa unaofunga chaneli zote pamoja. Migusano hiyo imekwisha kupita kumi, na hatujaigusa mashine ya mwangwi wala spika za waimbaji. Zidisha mara chaneli 24. Mnaona tunaongelea mamia ya sehemu ndogo ndogo za chuma, nyingi zimepakwa bati au fedha, chache zimebahatika kupata dhahabu. Fedha hupiga weusi. Bati huota ukungu mwembamba usioonekana kwa macho. Sisi wa pwani tunaongezea chumvi ya hewani, na wa bara wanaleta vumbi.

Ningetakiwa kutaja kiungo kimoja tu chenye lawama kubwa kuliko vyote, ningetaja lile tundu la insati. Liliwekwa ili fundi akitaka aitoe sauti nje ya chaneli, aipitishe kwenye kifaa kingine, kama kompresa, kisha airudishe. Sasa kama hukuchomeka kitu, sauti inapitaje? Ndani ya tundu kuna ulimi mdogo wa chuma, wenye chemchemi, unaoegemea chuma kingine. Sauti inavuka hapo. Ukichomeka plagi, ulimi unasukumwa, njia inakatika, sauti inatoka nje. Ubunifu mzuri kabisa, kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba katika kumbi zetu wengi hawana cha kuchomeka humo. Ulimi unakaa palepale miaka kumi, kumi na mitano, haujasogea hata mara moja, na utando wa kutu laini unajengeka kati ya chuma na chuma.

Hapo ndipo inakuja tabia inayowachanganya watu. Mwimbaji akiimba kwa sauti ya chini, chaneli inakuwa nyembamba, inakwaruza, au haipo kabisa. Akipaza, inafunguka ghafla na kubaki wazi kwa muda. Sababu ni kwamba umeme wa sauti kubwa una nguvu ya kuutoboa ule utando, lakini wa sauti ndogo hauna. Basi fundi anailaumu maiki, anabadilisha maiki. Analaumu waya, anabadilisha waya. Mwimbaji naye anaambiwa hajui kushika maiki. Kumbe tiba ni kuchukua plagi ya jeki, kuichomeka na kuichomoa pale kwenye insati mara kadhaa, taratibu, mpaka ulimi ujikune. Sauti ikirudi, mgonjwa amejulikana. Baadaye, kwa utulivu, unapuliza dawa ya kusafishia kontakti.

Ndiyo siri ya konde. Konde liliutikisa ule ulimi, au liliitikisa plagi ya waya bapa, chuma kikapata mahali papya pa kugusa. Lakini konde halichagui. Linautikisa ulimi wenye kutu, na papo hapo linatikisa mamia ya pini zilizolehemiwa kwenye kadi ya saketi. Soketi nzito zinapovutwa na waya kila usiku, risasi inayoshika pini zake hupasuka, na mpasuko huo ukiuangalia kwa tochi na kioo cha kukuzia unauona ni duara jembamba sana kuizunguka pini. Ngumi ya leo inaurefusha. Fundi makini naye hugonga, lakini hugonga kwa mpini wa bisibisi, pole pole, chaneli moja baada ya nyingine, huku masikio yamo kwenye hedifoni. Huyo anatafuta ugonjwa ulipo. Yule wa konde hatafuti kitu.

Miksa za jukwaani zilijulikana tangu mwanzo kwamba zitasumbuliwa na safari. Mwaka 1973 jijini London, Phil Dudderidge, aliyekuwa amefanya kazi ya sauti na Led Zeppelin, na mwenzake Graham Blyth, fundi wa elektroniki, walianzisha kampuni ya Soundcraft. Miksa yao ya kwanza, Series 1, ilijengwa moja kwa moja ndani ya sanduku lake la safari. Unafungua mfuniko, unafanya kazi, unafunga, unapakia. Leo jambo hilo linaonekana la kawaida, lakini wakati ule vyombo vingi vya kuchanganyia sauti vilikuwa na hulka ya studio, vya kukaa mahali pamoja. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 Yamaha ya Japani ilitoa miksa ya PM1000, na Midas ya Uingereza ikawa inazitengenezea miksa bendi kubwa za roki. Mwaka 1985 Yamaha ikaja na PM3000, miksa ambayo ukitaka kuihamisha unaita vijana kadhaa wenye migongo imara.

Hizo kubwa zilikuwa na jambo moja ninalolipenda hadi leo. Kila chaneli ni utepe wake wenye kadi yake. Chaneli ya saba ikiumwa, unazima umeme, unafungua skrubu, unaitoa ya saba peke yake, nyingine zinabaki. Miksa nyingi za bei nafuu zilizofuata zina kadi moja pana iliyolala chini ya vitufe vyote. Ili ubadilishe volyumu moja tu ya besi, ung'oe kila kitufe, ufungue kila nati, utoe kadi nzima. Nimewaona mafundi wakitazama kazi hiyo, wakafunga bisibisi zao na kumwambia mwenye mali anunue nyingine. Siwalaumu.

Kwetu Tanzania kutengeneza badala ya kununua kulikuwa na sababu ya ziada. Bendi za dansi za miaka ya 1970 na 1980 nyingi hazikumiliki vyombo. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala, Mlimani Park nayo chini ya mashirika. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Kifaa kikiharibika, kuagiza kipuri kulihitaji fedha za kigeni, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha hizo zilikuwa adimu hata kwa dawa na mafuta. Sasa nani angepewa dola za kununulia feda?

Turudi kwenye mkwaruzo. Unazungusha volyumu, spika zinatoa sauti ya krrr. Kila mtu atakwambia ni uchafu, na mara nyingi ni kweli. Ndani ya volyumu kuna njia ya kaboni na kidole cha chuma kinachotembea juu yake. Vumbi likikaa katikati, kidole kinaruka. Zima, puliza dawa inayostahili, zungusha mwisho hadi mwisho mara nyingi, umemaliza. Kama aliyetangulia alimwagia soda, dawa peke yake haitoshi. Ile sukari itabidi ioshwe. Na tafadhali, yale mafuta ya kopo ya kulegezea nati zenye kutu yaacheni gereji. Yanaiyeyusha grisi ya feda, yanaacha utando, na utando unakusanya vumbi jipya.

Lakini kuna mkwaruzo ambao hausikii dawa. Unasafisha leo, keshokutwa umerudi, tena unasikika sawasawa toka mwanzo hadi mwisho wa mzunguko. Huo si uchafu. Kabla ya volyumu kuna kapasita, ambayo kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia umeme tulivu wa moja kwa moja. Kapasita ikizeeka inavujisha. Umeme ule tulivu ukifika kwenye volyumu, kila kidole kinaposogea unatoa mkwaruzo, hata njia ya kaboni ikiwa safi kabisa. Fundi asiyelijua hili atabadilisha volyumu mpya, akwaruziwe na mpya, ahitimishe kwamba dukani wanauza feki. Pengine wanauza kweli, lakini safari hii wameonewa.

Miksa kubwa zenye VCA zina kituko chao. Humo feda haibebi sauti. Inabeba volti tu, na volti hiyo ndiyo inayoamuru sauti ipande au ishuke mahali pengine ndani. Kwa hiyo feda chafu haikwaruzi sana, bali sauti inarukaruka: unasogeza nywele moja, mwimbaji anapanda ghafla. Halafu kuna makundi ya VCA. Chaneli ikiwa imepangiwa kundi namba nne, na feda ya kundi namba nne iko chini, utaona taa za chaneli zinacheza, hedifoni inasikika, na ukumbini kimya. Mgeni atabadilisha waya nusu saa nzima. Wala hakuna kilichoharibika.

Sasa mngurumo. Umeme wetu wa gridi una mizunguko 50 kwa sekunde, na sikio lako linaweza kuutumia kama kipimo. Mwite mpiga besi. Mwambie akamate ule uzi mnene wa E, kidole mstari wa tatu, apige G. Nota hiyo ni karibu mizunguko 49. Mngurumo wa spika zako ukifanana na nota hiyo, tafuta tatizo la ethi au waya uliolala sambamba na waya wa umeme. Kisha mwambie apige uzi wa G ukiwa wazi, oktava moja juu, kama mizunguko 98. Mngurumo ukifanana na huo, tazama ndani ya sanduku la umeme la miksa. Mashine ya kunyoosha umeme hugeuza 50 kuwa 100, na zile kapasita kubwa zilizotakiwa kulainisha mawimbi hayo zimekauka. Sikio si kipimo cha maabara, na mngurumo mwingine huchanganya yote mawili, lakini kwa kuanzia hakina gharama.

Kapasita hizo hukaushwa na joto. Kanuni ya jumla ya watengenezaji ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi unazoongeza hupunguza umri wake kwa nusu. Halafu sisi tunalichukua sanduku la umeme, tunalisukumia chini ya meza, tunalifunika kwa kile kitambaa cha rangi za sherehe ili lisiharibu mandhari. Dalili yake ikija, huja kwa chaneli zote kwa mpigo. Chaneli moja ikiumwa, tafuta kiungo chake. Zikiumwa zote pamoja, sauti zote zikawa za kukabwa na kupasuka, anza na sanduku la umeme na waya mnene unaolifunga na miksa, maana ndani mna volti chanya na volti hasi, na moja ikipotea hakuna kinachosimama.

Kwenye suala la ethi sitatania. Kuna watu wakisikia mngurumo huikata pini ya ethi ya plagi ya umeme. Mngurumo huisha kweli. Lakini tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea, Wales, Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alishika maiki iliyokuwa na hitilafu ya ethi huku gitaa liko mikononi. Alikufa kwa umeme mbele ya watazamaji. Alikuwa kijana. Ukitaka kuondoa mngurumo, vyombo vyote vya jukwaani na miksa vichukue umeme mahali pamoja, au utenganishe ngao ya waya wa sauti upande mmoja, au utumie kisanduku chenye transfoma ya kutenganisha. Ethi ya umeme haiguswi.

Kwa kuwa tuko redioni, niwape na hadithi ya redio. Zile volti 48 ambazo miksa hupeleka kwenye maiki za kondensa, umeme wa fantomu, zina asili yake Norwei. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilikuwa na maiki mpya za transista kwa ajili ya redio ya taifa ya huko, NRK. Studio za NRK tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 kwa ajili ya taa za dharura, basi wakaamua utumike huohuo. Dunia nzima ikafuata. Miksa nyingi za zamani zina swichi moja tu ya fantomu kwa chaneli zote, na ukiibonyeza feda zikiwa juu, ukumbi unapata mshindo ambao wazee hawatausahau. Shusha kwanza.

Vituko vingine ni urithi wa kutokukubaliana. Kwenye soketi ya pini tatu, viwanda vingine vilifanya pini ya 2 kuwa ya moto, vingine hasa vya Marekani na Japani vikachagua pini ya 3. Chama cha wahandisi wa sauti, AES, kiliweka kanuni ya pini ya 2 mwaka 1992. Miksa ya kabla ya hapo ukiichanganya na vifaa vya baadaye, sauti mbili za chombo kimoja zinaweza kukutana zikiwa kinyume na kulana. Besi inatoweka huku kila kitu kinaonekana kizima. Ipo pia miksa ambayo kitufe cha solo, kikiwekwa katika namna fulani, hunyamazisha chaneli nyingine zote ukumbini. Na ipo yenye jenereta ya mlio wa kupimia, kitufe kidogo pembeni, ambacho kiwiko cha mtu mnene kinaweza kukibonyeza katikati ya hotuba.

Mkienda kununua, basi, nendeni na maiki moja, waya mmoja, hedifoni na uvumilivu. Kwanza geuza miksa, soma volti nyuma. Japani umeme wao ni volti 100, Marekani 120. Chombo cha huko ukikichomeka kwenye ukuta wetu bila transfoma, mazungumzo yanaishia hapo. Kisha pima chaneli zote, geni ileile, feda mahali palepale, na usikubali kuambiwa zote ni sawa kwa sababu ya kwanza na ya pili zinalia. Muuzaji anajua utapima za kwanza. Pima ya kumi na saba. Sogeza waya kwenye soketi wakati mtu anaongea. Chomeka na kuchomoa insati.

Wapo watakaowaambia mnunue kwa sababu analogi ina joto, ina utamu usiopatikana kwenye dijitali. Mimi jambo hilo silinunui. Katika ukumbi wa bati wenye feni zinazovuma, sioni ni sikio gani litaukamata utamu huo. Sababu yangu ni nyingine: hii mashine fundi wa mtaani anaweza kuifungua, akaielewa, akaitibu kwa kalamu ya kulehemia na volyumu ya bei ndogo. Miksa ya dijitali ikizimika skrini, wengi wetu tunabaki kuitazama.

Na siku kipuri kitakapokosekana kabisa, iko njia ambayo mafundi waliobobea wanaitumia. Chagua chaneli ya mwisho kulia, ile isiyotumika sana. Iue. Chukua feda yake, volyumu zake na swichi zake, uzipe chaneli za mbele zinazofanya kazi kila wiki. Miksa ya chaneli 24 hata ikibaki na 21 bado inaitosha bendi na kwaya. Ila ukishaitoa viungo, bandika tepu nyeupe juu yake na uandike kwa kalamu nene kwamba chaneli hii imekufa, ili fundi wa zamu asije akachomeka humo maiki ya mgeni rasmi.